Mapigo yametulia: je, aspirini ndogo inatosha?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 71, ana presha na kisukari. Miezi minne iliyopita alipimwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo), akaambiwa ana fibrilesheni ya atria, yaani vyumba vya juu vya moyo vinatetema ovyo. Aliandikiwa apiksabani, dawa ya kuzuia damu kuganda, miligramu 5 asubuhi na jioni, pamoja na bisoprololi, na moyo ukaacha kwenda mbio. Sasa kuna mtu amemtisha kwamba dawa za kuyeyusha damu zitamvujisha damu ndani kwa ndani. Bisoprololi anaendelea nayo, lakini apiksabani ameiacha wiki ya pili sasa. Anameza aspirini ya miligramu 75 na vidonge vya kitunguu saumu. Kwa umri wake, aspirini haitoshi?

JIBU: Marahaba. Haitoshi. Mpigie daktari wake leo, si wiki ijayo, ili arudishwe kwenye apiksabani na aachane na aspirini na hivyo vidonge. Mweleze daktari kama mama amepata choo cheusi kama lami au amevuja damu popote, na kama amewahi kuwekewa stenti (kijibomba cha kupanua mshipa wa moyo), maana hapo mpango hubadilika. Kinga ya apiksabani huisha ndani ya siku moja au mbili baada ya kuiacha, kwa hiyo kwa sasa mama hana kinga ya maana.

Moyo kutulia ni kazi ya bisoprololi. Hiyo inapunguza kasi tu. Vyumba vya juu vya moyo huenda bado vinatetema badala ya kujikaza. Mshike mkono chini ya kidole gumba, uhesabu kwa dakika nzima, si sekunde 15 kisha uzidishe kwa nne. Ukikuta pigo zito, linafuata hafifu, kisha pengo, kisha mawili ya haraka, basi tatizo lipo palepale. Na hata ukikuta yamenyooka leo, usimwachishe dawa: wapo ambao fibrilesheni yao huja na kuondoka, na hatari ya kiharusi hubaki. (Mashine za presha za kielektroniki nazo hubabaishwa na mapigo haya. Mpime mara tatu, uchukue wastani.)

Sasa hii aspirini, ambayo kila wiki naulizwa habari zake. Kwenye fibrilesheni, damu hutuama katika kijifuko kilicho pembeni mwa atria ya kushoto. Damu iliyotuama huganda kwa nyuzi za fibrini, donge likachomoka na kupanda kwenye ubongo. Aspirini inazuia chembe sahani (vijichembe vya damu vinavyoziba jeraha) zisishikane, jambo ambalo husaidia zaidi kwenye mishipa yenye mafuta iliyochanika. Mnyororo unaotengeneza fibrini haiugusi. Ndiyo maana warfarini, dawa kongwe ya kuzuia damu kuganda, hupunguza viharusi hivi kwa takriban theluthi mbili, na aspirini kwa karibu moja ya tano, tena kwa ushahidi dhaifu.

Wanaoitetea husema angalau ni salama. Si kweli. Utafiti wa BAFTA, uliochapishwa 2007, uliwachukua wagonjwa wa huduma ya msingi Uingereza wenye miaka 75 na zaidi. Waliopata kiharusi kikubwa, kuvuja damu kichwani au donge kuziba mshipa mwingine walikuwa asilimia 1.8 kwa mwaka kwenye warfarini, na 3.8 kwenye aspirini. Kuvuja damu vibaya hakukutofautiana. Mwaka 2011 utafiti wa AVERROES ulipambanisha apiksabani na aspirini, matokeo yakafanana: viharusi na madonge vilipungua kwa zaidi ya nusu, na tofauti ya kuvuja damu ilikuwa ndogo mno kuhesabika. Yaani mama anabeba hatari ya aspirini bila kupata faida aliyoifuata.

Kwa hesabu ya CHA2DS2-VASc, inayopima hatari ya kiharusi kwa wenye fibrilesheni, mama ana alama 4: umri, presha, kisukari na jinsia. Ukiiondoa ya jinsia, kama miongozo mipya inavyofanya, zinabaki 3. Kwa vyovyote anahitaji dawa halisi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba aspirini hii haiandikwi na wauza mitishamba peke yao. Wapo wenzetu wanaoona mzee, wakaogopa ataanguka, wakampa aspirini ili roho zao zitulie. Wengine huikata apiksabani kuwa miligramu 2.5 kwa woga tu. Dozi hiyo ni ya mwenye angalau mawili kati ya haya matatu: miaka 80 au zaidi, uzito wa kilo 60 au chini, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo) ya 133 au zaidi kwa kipimo cha maikromoli kwa lita. Nje ya hapo, umempunguzia kinga bure. Anayeogopa damu kuvuja ashughulikie vinavyoivujisha: presha isiyodhibitiwa, pombe, figo zisizopimwa angalau mara moja kwa mwaka, na daiklofenaki na ibuprofeni za kununua bila cheti. Maumivu ya magoti yatibiwe kwa parasetamoli.

Wenye mlango wa mitrali (vali ya upande wa kushoto wa moyo) uliosinyaa kwa homa ya baridi yabisi, au wenye vali bandia ya chuma (mlango wa chuma), habari yao ni nyingine. Hao hubaki kwenye warfarini, INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda; ikipanda, hatari ya kuvuja damu huongezeka) kati ya 2 na 3 kwa kawaida, na kwa mlango wa chuma mara nyingi juu zaidi. Asitokee mtu kuwabadilishia vidonge vipya eti ni vya kisasa. Na wakiandikiwa dawa za maambukizi kama metronidazoli, kotrimoksazoli au flukonazoli, INR hupanda kwa kasi. Irudiwe ndani ya siku 3 hadi 5, isingoje tarehe ya kliniki. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huishusha, na dawa hiyo ikimalizika INR hupanda tena taratibu kwa wiki kadhaa, wakati ambapo kila mtu amekwisha kuacha kupima.