Kabla hujagusa skrubu za kabureta, angalia mipira ya mafuta

Ndege yangu ya kwanza ya petroli, hizi ndogo za kuongozwa kwa rimoti, ilikuwa na injini ya sisi (cc) 50. Chini ilinguruma vizuri kabisa. Nikishainua pua tu, inaanza kumisi, inakohoa mara mbili tatu, inazima. Siku mbili nilishinda nimeinama na bisibisi, robo mzunguko huku, robo mzunguko kule, na kila aliyepita alikuwa na ushauri wake. Siku ya tatu nikafungua kifuniko, mwenzangu akashikilia mkia, nami nikasimama nyuma ya pangaboi na kumulika tochi kwenye mpira wa mafuta. Nikaona vipovu vidogo kama punje za ulezi, vikipita kimoja kimoja kuelekea kwenye kabureta.

Kabureta haikuwa na kosa. Ilikuwa inalishwa hewa.

Wengi tulianzia kwenye injini za methanoli, na hapo ndipo tunapopotea. Kule presha ya eksozi husukuma mafuta kutoka kwenye tangi, kwa hiyo mpira ukitoboka mafuta yanamwagika na unajua pa kuangalia. Kabureta za injini za petroli, kama zile za Walbro, zina pampu yake ndani: kiwambo chembamba kinachochezeshwa na mapigo ya presha ya injini yenyewe. Kinanyonya. Ufa ulio kwenye njia ya kunyonya huingiza hewa injini ikiwaka, na unaweza usione hata tone. Kwa sababu hiyo hiyo, usiunganishe tangi na eksozi; pampu haihitaji msaada huo.

Kosa langu lilikuwa kwenye kiungo cha njia tatu nilichoweka kati ya tangi na kabureta ili nijazie mafuta hapo hapo. Kizibo chake kilikuwa kimelegea kidogo tu. Kuna watu wanajaza kwa njia hiyo miaka yote na hawana shida, lakini mimi nimeiacha. Sasa tangi langu lina mipira mitatu: mmoja unakwenda moja kwa moja kwenye kabureta bila kiungo chochote njiani, mwingine wa kujazia na kukamulia, wa tatu wa kupumulia. Kizibo cha ule wa kujazia kikilegea, mafuta ya kabureta hayaguswi.

Huo wa kupumulia una ujanja wake. Uanzie juu ya tangi, uelekee juu, ulizunguke tangi, kisha ushuke utokee chini ya tumbo la ndege. Ukiushusha moja kwa moja, ndege ikiinamisha pua mafuta yanaweza kujinyonya yenyewe mpaka nje. Na usiuzibe ndege inaporuka. Tangi lisipopumua, pampu itashindwa kuvuta.

Kuhusu mipira yenyewe sina mjadala: silikoni ni ya methanoli. Kwenye petroli huvimba, hulainika, kisha huchomoka. Tumia Tygon ya petroli, ile ya njano, au Viton. Kizibo kikubwa cha tangi nacho kiwe cha mpira unaostahimili petroli. Matangi mengine huja na cha methanoli, ukakitumia bila kujua. Vibomba vya shaba ninavisugua ncha zisiwe na makali, nalehemu pete ndogo ya waya kila ncha, halafu nafunga mpira kwa waya mwembamba nyuma ya pete. Ni kazi ya kuchosha, hasa ukiwa na hamu ya kuruka.

Ndani ya tangi kuna kile kidude kizito kwenye ncha ya mpira wa kabureta. Mimi nakiita timazi, kwa sababu hufuata uzito kama timazi la fundi mwashi: mafuta yakienda nyuma, nalo linakwenda nyuma. Tygon ikikaa kwenye petroli muda mrefu inakuwa ngumu kama mrija wa plastiki, na timazi linabaki limesimama mahali pamoja. Ndege ikipiga mbizi linaweza kutupwa mbele likagoma kurudi, na injini ikazima huku tangi lina mafuta tele. Kwa hiyo ndani ya tangi naweka Viton, na hata hiyo naibonyeza kila mwanzo wa msimu. Kabla ya kufunga tangi natikisa: nisiposikia timazi likigonga huku na huku, nafungua tena.

Tangi lote nalivisha sponji ili mtetemo usigeuze mafuta kuwa povu, na nalikaza karibu na kitovu cha uzito ili mizani isibadilike mafuta yakipungua.

Oili ya tustroki, fuata kipimo cha mtengenezaji wa injini. Kwa 32:1, yaani sehemu 32 za petroli kwa moja ya oili, ni kama mililita 31 kwa lita moja ya petroli, kwa 40:1 ni 25, kwa 50:1 ni 20. Chujio nimeweka kwenye galoni ya kujazia, maana kile kichujio kilicho ndani ya kabureta ni kidogo mno na uchafu kidogo tu unakiziba.

Halafu moto. Petroli hutoa mvuke hata kwenye baridi kali, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini. Galoni naijaza ikiwa imekaa ardhini, si ndani ya buti la gari, kwa sababu ya umeme tuli. Kwenye ndege natumia pampu ya kuzungusha kwa mkono, swichi ya plagi ikiwa imezimwa na kizimamoto kikiwa karibu. Betri na risiva, kile kipokezi cha mawimbi ya rimoti, zikae mbali na tangi. Jioni, kabla ndege haijaingia garini, nakamua tangi lote. Niliwahi kuliacha nusu kwenye gari juani. Nilipofungua mlango, harufu ilinirudisha nyuma hatua tatu.