Je, Mkatoliki anaruhusiwa kuwasomesha watoto wake nyumbani?

SWALI: Padre, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa watoto watatu, wenye umri wa miaka minane, sita na minne, na tunaishi Voi. Kabla ya kuolewa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwa muda sasa natamani kuwatoa shuleni wale wawili wakubwa niwasomeshe nyumbani kwa njia ya mwalimu Mwingereza Charlotte Mason: vitabu vizuri vinavyosomwa kwa sauti, matembezi ya kuchunguza viumbe, na imani ikiwa msingi wa yote. Baba watoto anasita, na mama mkwe anasema nataka kuwafungia watoto ndani. Dada mmoja wa jumuiya yetu ananiunga mkono, akisema shule za siku hizi ni Misri na Mkristo hana budi kutoka. Lakini huyo huyo ananikataza kuwasomea watoto hadithi za Sungura na Fisi kwa kuwa ni uongo. Je, Kanisa linaruhusu jambo hili? Na kukaa saa nzima kutazama ndege na maua si kupoteza muda wa masomo? Tena, naweza kumwandaa mkubwa mwenyewe kwa Komunyo ya Kwanza?

JIBU: Milele amina, mama. Kanisa linaruhusu, na mzazi anayechagua njia hiyo kwa nia njema hatendi dhambi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi, kwa kuwa ndio waliowapa watoto uhai, ndio walezi wao wa kwanza na wa msingi. Papa Yohane Paulo II alilirudia fundisho hilo mwaka 1981 katika Familiaris Consortio, wosia wake wa kitume juu ya familia, akasema kwamba haki na wajibu huo wa wazazi hauwezi kukabidhiwa wengine kabisa wala kunyang'anywa na mtu yeyote. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 798, inawataka wazazi wawapeleke watoto katika shule zinazotoa malezi ya Kikatoliki, na pale wasipoweza, wahakikishe kwamba malezi hayo yanapatikana nje ya shule. Imani ya Timotheo ilianza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na Mtume Paulo hakuona haya kuyataja majina ya wanawake hao wawili alipomwandikia askofu kijana.

Hata hivyo, nyaraka hizo hizo zina upande wa pili ambao wapenzi wa elimu ya nyumbani huupita haraka. Tamko la Mtaguso linasema familia inahitaji msaada wa jamii nzima katika malezi, na kwamba miongoni mwa nyenzo zote za elimu shule ina umuhimu wa pekee. Familiaris Consortio nayo inaeleza kwamba familia ni jumuiya ya kwanza ya malezi, lakini si jumuiya pekee. Kwa hiyo siwezi kuunga mkono kauli ya dada yako kuhusu Misri. Musa mwenyewe, kama Stefano anavyotukumbusha katika Matendo 7:22, alifundishwa hekima yote ya Wamisri, na Danieli alisomeshwa Babeli bila kumpoteza Mungu wake. Shule nyingi za nchi hii zilianzishwa na wamisionari, na mpaka leo Kanisa ni mlezi wa shule nyingi. Ndani yake wamo walimu wanaosali rozari asubuhi kabla ya kushika chaki, kama bila shaka ulivyofanya wewe. Ikiwa kuna jambo mahususi linalokusumbua katika shule ya wanao, nenda kwanza ukazungumze na mwalimu wa darasa. Anayemtoa mtoto shuleni kwa hofu tu humwambukiza mtoto hofu hiyo, na mtoto akaja kuamini kwamba kila asiyesali nyumbani kwao ni adui.

Sasa kuhusu ndege na maua. Hapa nakuunga mkono kwa moyo wote, tena ningetamani hata wazazi ambao hawatawatoa watoto wao shuleni walisikie jambo hili. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika kitabu chake cha kuwajibu wasioamini, aliandika kwamba kosa katika kuvifahamu viumbe huzaa kosa katika kumfahamu Mungu. Hakusema hivyo kwa mapambo. Alikuwa akieleza kwa nini mwanateolojia anapaswa kushughulika na viumbe. Maandiko yanapotaka kutuonyesha upana wa hekima ya Sulemani yanasema, "Akanena habari za miti, tangu mwerezi ulioko Lebanoni hata hisopo umeao ukutani, tena akanena habari za wanyama, na za ndege, na vitambaavyo, na za samaki" (1 Wafalme 4:33). Ayubu aliwatuma rafiki zake wakawaulize hayawani na ndege wa angani. Na Bwana wetu alipotaka kuwaondolea wasikilizaji wake wasiwasi wa chakula na mavazi, aliwaambia wayafikiri maua ya mashamba jinsi yameavyo. Mtoto ambaye hajawahi kuinama akalitazama ua moja kwa makini ataisoma aya hiyo maisha yake yote bila kuionja.

Nanyi Voi mmejaliwa kuliko wengi. Mbuyu ulio karibu na nyumba hufungua maua yake meupe jua linapozama, na ua moja halidumu hata siku mbili kabla ya kuanguka. Watoto wakikaa chini yake jioni, msimu wake ukifika, huenda wakawaona popo wanaokuja kunywa utamu wake na kubeba chavua kutoka ua hadi ua. Hondohondo jike hujiziba mwenyewe ndani ya tundu la mti wakati wa kutaga, akaacha ufa mwembamba tu, na dume humletea chakula kupitia ufa huo wakati wote anapoatamia. Katika msitu wa kilima cha Mbololo kuna ua dogo la zambarau, ambalo wataalamu waliliita Saintpaulia teitensis na siku hizi huliita Streptocarpus teitensis, lisiloota porini mahali pengine popote duniani. Je, ni watoto wangapi wa Taita-Taveta wamewahi kuambiwa kwamba Mungu alilitunza ua hilo katika kilima chao peke yake? (Ila Voi ni Voi, mama: tembo wakitoka mbugani, matembezi yaahirishwe.)

Naomba hata hivyo uepuke kishawishi kimoja ambacho sisi mapadre tunakijua vizuri, nacho ni kugeuza kila kiumbe kuwa mahubiri. Umwonapo hondohondo akimlisha mkewe, usikimbilie kuwaambia watoto, "Mnaona, baba awe hivi." Waache wamtazame, wamchore katika daftari, waandike tarehe na mti waliomwona, waulize jike anapumuaje mle ndani. Atakayewafundisha kwa njia hiyo ni yeye aliyemuumba ndege, na wewe utakuwa umewaleta tu mbele ya mwalimu. Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, anaitaja familia kuwa mahali ambapo mtu hujifunza kwanza kuupenda na kuuheshimu uhai, kutumia vitu ipasavyo na kuvitunza viumbe. Saa ya namna hiyo haijapotea. Ingepotea kama ingechukua nafasi ya hesabu na kuandika, jambo ambalo Charlotte Mason mwenyewe hakulikubali: kwake asubuhi ilikuwa ya masomo mafupi yenye utaratibu mkali, na alasiri ndiyo ya nje. Na kama umejiuliza kuhusu yeye kuwa Mwanglikana, hilo lisikuzuie. Chujeni tu mnapofika kwenye mafundisho ya sakramenti na ya Kanisa, ambako mtatumia Katekisimu yetu.

Kuhusu hadithi za Sungura na Fisi, dada yako amekosea, ingawa naamini ana nia njema. Kusema uongo ni kumdanganya mtu ili aamini jambo lisilo kweli, na hakuna mtoto wa miaka sita anayedanganyika kwamba sungura alikopa pesa kwa fisi. Katika Waamuzi sura ya 9 Yothamu anasimama juu ya mlima Gerizimu na kuwasimulia watu wa Shekemu jinsi miti ilivyotafuta mfalme, ukaombwa mzeituni, ukaombwa mtini, ukaombwa mzabibu, mwishowe ikaangukia kwenye mti wa miiba. Miti hiyo inazungumza, na Roho Mtakatifu hakuona vibaya hadithi hiyo iandikwe katika Biblia. Mtume Paulo naye aliwanukulia Waathene mashairi ya watunzi wao wasiomjua Kristo (Matendo 17:28). Mtakatifu Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria katika karne ya nne, aliwashauri vijana wasome vitabu vya wapagani kwa jinsi nyuki atembeleavyo maua: haendi kwa yote sawasawa, wala habebi ua zima, bali huchukua lile linalofaa kwa kazi yake na kuliacha lililobaki.

Kwa hiyo chagua, na chagua kwa ukali. Kitabu chema kwa mtoto huwa kimeandikwa na mtu anayelipenda jambo analolieleza, kwa lugha isiyomdharau msomaji mdogo. Msomee mara moja, kisha mwache akusimulie alichosikia kwa maneno yake, bila kumkatiza. Hiyo ndiyo nguzo ya mbinu ya Charlotte Mason, nayo si ngeni hata kidogo katika nyumba za kwetu. Hapo ndipo ningemwingiza mama mkwe. Mpe jioni zake za kusimulia, watoto wamrudishie hadithi kesho yake, na sidhani kama ataendelea kusema kwamba umewafungia ndani.

Suala la mumeo ni zito zaidi kuliko yote uliyouliza, ingawa umeligusa kwa maneno matatu tu. Kanuni ya 1136 inasema wajibu mzito sana wa malezi, pamoja na haki yake ya kwanza, ni wa wazazi, maana yake wote wawili. Na agizo la Waefeso 6:4 juu ya kuwalea watoto katika adabu na maonyo ya Bwana limetolewa kwa akina baba moja kwa moja. Usianze bila ridhaa yake ya kweli, hata kama una hakika kwamba uko sahihi. Tena kusita kwake kuna sababu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inamtaka kila mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa, na imeweka adhabu ya faini au kifungo kwa anayekaidi. Mimi si mwanasheria. Nendeni wote wawili kwa afisa wa elimu na kwa wakili mkajue mnasimama wapi, na watoto watafanya mitihani gani na kupitia wapi, kabla ya kumwondoa mtoto hata mmoja darasani.

Ukinitaka ushauri wangu, ambao si amri ya Kanisa, ningewaacha watoto shuleni kwa sasa, nikazitumia alasiri, Jumamosi na likizo kwa vitabu na matembezi hayo. Mengi unayoyatamani hayahitaji ruhusa ya mtu, na baba watoto akiona matunda yake mtazungumza mkiwa na jambo la kuonyeshana. Mkikubaliana baadaye kuendelea nyumbani kabisa, na sheria ikiruhusu, hakikisha watoto wana wenzao: Utoto Mtakatifu parokiani, kwaya ya watoto, na mchezo wa mpira na majirani, Wakatoliki na Waislamu pia.

Kuhusu Komunyo ya Kwanza, unaweza kumfundisha mkubwa nyumbani, na kanuni ya 914 inawataja wazazi kwanza katika wajibu wa kumwandaa mtoto aliyefikia umri wa akili. Lakini kanuni hiyo inamtaja paroko pia, na ndiye mwenye kuhakikisha kwamba mtoto yuko tayari. Mwandikishe kwa katekista wenu, umweleze unachofundisha nyumbani, na mpeleke kwenye mafundisho ya parokia pamoja na watoto watakaopanga naye mstari siku hiyo.