Kobe wa majini naye anavuta pumzi

Masika ya kwanza baada ya kuchimba bwawa langu la perege huku bonde la Kilombero, kobe walianza kuingia. Walitoka mtoni usiku wa mvua, wakakatiza majaruba ya mpunga, na asubuhi nikakuta alama za kucha kwenye tope la tuta. Nikidhani wamefuata samaki wangu, nikachukua mgono, ule mtego wa kambale, nikatia utumbo wa kuku, nikauzamisha wote mpaka chini. Kesho yake niliutoa ukiwa na kobe wawili, wote wamekufa maji.

Sikuwa nimewaza kabisa kwamba mnyama anayeshinda majini anaweza kufa maji. Kobe hana matamvua kama samaki. Ana mapafu, na akihangaika ndani ya mtego pumzi humwishia upesi zaidi kuliko akitulia. Wale wawili bado nawakumbuka.

Sasa sehemu ya juu ya mtego wangu hubaki nje ya maji muda wote. Nautega ukingoni, kina cha magoti, naufunga kwenye vigingi viwili, halafu ndani naweka madumu mawili matupu ya lita tano yaliyozibwa vizuri. Kigingi kiking'oka, mtego unaelea. Mawingu yakijikusanya jioni nautoa kabisa, maana maji ya bonde hili hupanda watu wamelala. Chambo ni kichwa cha samaki ndani ya kopo lililotobolewa matundu: harufu inatoka, kobe hakimalizi. Ndoana usitumie kamwe. Huimeza, ikanasa kooni.

Kagua asubuhi na jioni, na siku ya jua kali pita hata saa saba mchana. Ukikuta kenge humo, fungua mdomo wa mtego kwa fimbo ndefu, usipeleke mkono.

Kumshika kobe kuna namna yake. Shika gamba pande mbili, karibu na miguu ya nyuma, usimnyanyue kwa mkia. Hawa wa kwetu hukunja shingo kwa ubavu chini ya gamba, na ni ndefu kuliko unavyodhani, kwa hiyo vidole vikae mbali na kichwa. Atakukwaruza, na wengine hutoa harufu mbaya sana, usishtuke ukamwangusha. Mweke kwenye karai kivulini, mfunike gunia bichi. Kisha nawa kwa sabuni, na watoto pia, kwa sababu kobe anayeonekana mzima anaweza kubeba bakteria wa salmonela.

Haya yote yatanguliwe na kibali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata mnyama pori kienyeji, hata kama amekufuata bwawani kwako. Nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, mweleze shida yako, akuelekeze utakapomwachia. Mimi huwarudisha mto uleule walikotoka. Kumpeleka mto mwingine ni kumtupa ugenini na pengine kuwapelekea wenzake ugonjwa. Kumuuza au kumfuga uani, hapana.

Na niseme kweli: kobe niliwasingizia mengi. Hula konokono, vyura, mizoga, na samaki wadogo au wagonjwa anaowaweza. Nilipoanza kukesha bwawani, mwizi mkubwa niliyemwona alikuwa fisi maji.

Kilichonipunguzia kazi ya kutega ni uzio wa mabati, kimo cha goti, uliofukiwa kidogo ardhini kuzunguka tuta. Kobe akifika hapo hufuata bati mpaka achoke, akarudi mtoni. Kabla ya kila masika nauzunguka wote nikiziba palipochimbika, kwa kuwa tundu la ukubwa wa ngumi linamtosha kobe mdogo.