Mafuta ya jikoni yatapitia wapi?

SWALI: Shikamoo mama mhandisi. Nimepanga nyumba ya zamani hapa Sinza, Dar es Salaam, nataka kuigeuza mgahawa wa chipsi, kuku na wali. Mwenye nyumba ameridhia. Michoro ya kuombea kibali imerudishwa na manispaa: nionyeshe mtego wa mafuta na mfumo wa kutoa moshi. Fundi anasema mabomba yaliyopo na feni ya dirishani vinatosha. Nimsikilize?
Msomaji, Sinza

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo usimsikilize. Mabomba yale yaliwekewa familia inayokaanga samaki wawili jioni. Wewe utakuwa na karai linalochemka tangu asubuhi hadi usiku. Aliyekurudishia michoro anauliza jambo moja mara mbili: mafuta hayo yatapitia wapi?

Anza na yanayokwenda na maji. Yakiwa ya moto hushuka sinkini bila tabu, yakifika ardhini yanapoa, yanaganda na kuziba bomba. Yakipenya hadi kwenye shimo la kunyonya, yanaziba udongo wenyewe, na hapo utaita gari la maji taka mpaka uchoke. Mtego ni chemba ambamo maji hutulia: mafuta yanaelea, mabaki ya chakula yanazama, maji ya katikati ndiyo yanatoka. Wengi huweka kiboksi kidogo chini ya sinki. Piga hesabu: sinki ya sentimita 60 kwa 45, kina 30, inabeba lita 81. Zikizibuliwa mbili kwa pamoja, lita 162 zinapita humo kwa dakika chache na kuyasukuma mafuta yote mbele. Jenga mtego nje, wenye mfuniko unaofunguka, mkubwa kiasi cha maji kukaa humo kama nusu saa. Usafishwe kabla mafuta ya juu na tope la chini havijafika robo ya kina chake. Bomba la choo lisipite humo kabisa.

Sinki ya kuoshea mboga isiunganishwe moja kwa moja na maji taka. Bomba lake lidondoshee maji juu ya pokeo lililo wazi, yaani chombo cha kupokea maji sakafuni, pengo kati yake na bomba likiwa mara mbili ya kipenyo cha bomba. Siku uchafu ukirudi nyuma, umwagike sakafuni, usipande kwenye mchicha wa wateja.

Sasa mafuta yanayopaa na moshi. Feni ya dirishani inaupitisha moshi kwanza usoni kwa mpishi, kisha inamtupia jirani. Chora kofia ya chuma juu ya majiko, izidi ukingo wa majiko kwa sentimita 15, vichujio vikae mshazari ili mafuta yachuruzike kwenye trei. Dakti, yaani njia ya kupitishia moshi, iwe ya chuma kilichochomelewa, ipande hadi juu ya paa, mbali na madirisha ya watu.

Kinachosahaulika ni hewa ya kuingia. Feni ikivuta huku milango imefungwa, inaweza kunyonya hadi maji yanayozuia harufu kwenye mabomba ya sakafuni, na jiko zima likanuka choo. Onyesha matundu ya kuingizia hewa. Mengine yawe karibu na sakafu, kwa sababu gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini. Mitungi yenyewe ikae nje, mbali na chemba.

Muulize pia afisa mipango miji kuhusu kubadili matumizi ya nyumba ya kuishi kuwa biashara. Kwenye mchoro, bomba la maji taka la inchi nne liandikiwe mteremko wake, sentimita 2.5 kwa kila mita. Na fundi asipige vigae mpaka mabomba ya chini yajazwe maji na kukaguliwa.