Dubu Hayupo Longonot

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Nakuru. Nina watoto wawili, msichana wa miaka 10 na mvulana wa 7. Baba yao amewaahidi kupanda Longonot likizo ya Agosti, nami nataka kwanza wasome kitabu cha usalama mlimani. Dukani nimeonyeshwa kimoja tu, kina jalada gumu na picha za dubu na theluji, na bei yake inauma. Kwenye vitabu vya mitumba nimekuta kingine cha zamani, bei ya chini. Ninunue kipi? – Mama Wawili

JIBU: Mama Wawili, kabla hujatoa pesa, simama papo hapo ufungue ukurasa unaosema mtoto afanye nini akipotea. Mimi nikishausoma huo, najua kama nitanunua kitabu au nitakirudisha mahali pake.

Nina sababu. Nimewapeleka wanafunzi Longonot miaka mingi, na siku moja mvulana wa darasa la sita alituponyoka tukiwa tunashuka. Tulimpata baada ya saa mbili, chini kabisa ya korongo, magoti yamechubuka, chupa ya maji haina hata tone. Nikamwuliza kwa nini hakutungoja njiani. Akasema, "Mwalimu, kitabu kilisema ukipotea ufuate bonde, utafika mtoni, na mtoni kuna watu." Kitabu chenyewe nilimwazima mimi. Longonot hakuna mto. Yale mabonde ni makorongo yaliyochimbwa na mvua kwenye majivu ya volkeno. Kingo zake humomonyoka, na ukiwa humo ndani unaweza kuita mpaka ukauke koo bila wa juu kukusikia. Tangu siku hiyo sikiazimi kitabu ambacho sijakisoma chote.

Kitabu cha kununua ni kile kinachomwambia mtoto: ukiona hujui ulipo, kaa hapo hapo, kumbatia mti, ngoja. Mafunzo haya ya kukumbatia mti yalianzia Marekani kwa msiba. Mwaka 1981 mtoto wa miaka 9 alipotea kwenye mlima Palomar, California, akafa kabla hajapatikana, na waliokuwa wakimtafuta wakaamua kuwafundisha watoto wengine wasiendelee kutembea. Mtoto anayetembea anaweza kuingia mahali ambapo watafutaji wamekwisha kupita.

Tazama pia habari za filimbi. Vitabu vya Marekani husema upulize mara tatu, vya Uingereza husema mara sita kwa dakika moja. Mimi huwafundisha tatu, maana mtoto aliyeogopa hahesabu vizuri. La muhimu ni baba na watoto wakubaliane kabla ya kufika getini.

Hicho cha mitumba kifungue kwenye nyoka. Ukiona mchoro wa wembe ukichanja jeraha, au mtu ananyonya sumu, au kamba imekazwa juu ya jeraha, kiache, hata wakikupa bure. Kifutu hupenda kulala njiani, hahami ukimkaribia. Aliyeumwa atulizwe, avuliwe bangili na viatu kabla hajavimba, mguu usichezechezwe, abebwe apelekwe hospitali. Kitabu kisichosema hivyo kitamdhuru mtoto wako.

Dubu wala asikutishe. Kama ukurasa wa kupotea ni mzuri, nunua kile cha jalada gumu, kisha kaeni mezani na watoto mkitie habari za kwetu kwa karatasi na gundi. Penye dubu bandikeni nyati. Penye "jua la adhuhuri liko kusini" andikeni kwamba Agosti, Longonot, jua la saa sita huelekea kaskazini. Vitabu vya huko husifu jioni ndefu za kiangazi. Kwetu ikifika saa moja ni giza tupu, kwa hiyo saa ya kugeuza iandikwe kwa wino mwekundu. Andikeni kwamba mlimani hakuna maji ya kunywa, kila mtu abebe yake. Kilele kiko mita 2,776, na kuzunguka ukingo wa kreta ni kama kilomita 7 nyingine juu ya ule mpando. Huyo wa miaka 7 mimi ningemfikisha ukingoni, atazame msitu ulio chini ndani ya kreta, kisha tushuke.

Na kama mtapitia Hell's Gate, ile hifadhi yenye korongo jirani pale, ongezeni ukurasa wa mvua. Mwaka 2012 na tena 2019 maji ya ghafla yaliua watu ndani ya lile korongo. Mvua inaweza kunyesha mbali, wewe umesimama kwenye jua, na maji yakakukuta kati ya kuta usizoweza kupanda. Sijaona kitabu cha watoto kinacholieleza hilo vizuri, kwa hiyo lieleze wewe kwa mdomo wako.

Mkishamaliza kusoma, mwambie mdogo aende nyuma ya nyumba na filimbi yake, ashike mti, apulize mara tatu, atulie, apulize tena. Wewe chelewa kidogo kwenda. Akiuacha mti kabla hujamfikia, rudieni kesho.