Ukiandikiwa dawa ya kukata hamu ya kula

Watu wakisikia kwamba nilipungua kwa dawa niliyoandikiwa na daktari, swali huwa ni moja tu: inaitwaje? Nikishalitaja jina, mazungumzo yamekwisha. Kwa hiyo siku hizi jina nalichelewesha. Nauliza kwanza: mara ya mwisho kupima presha, ilisoma ngapi? Wengi hawajui.

Niliyopewa mimi ni fentemini. Ni dawa ya siku nyingi, iliruhusiwa Marekani mwaka 1959, na kikemia ni ya ukoo mmoja na amfetamini. Inauchangamsha mfumo wa fahamu, mwili unakaa chonjo kana kwamba kuna hatari inakuja, na mwili ulio katika hali hiyo hauna habari na chakula. Ukishalielewa hilo, maudhi yake hayakushangazi: moyo kwenda mbio, kinywa kukauka, usingizi kugoma, choo kuwa kigumu, presha kupanda. Ndiyo sababu humezwa asubuhi. Ndiyo sababu pia hapewi mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, mwenye presha ya macho, mjamzito wala anayenyonyesha. Zipo pia dawa za sonona za kundi liitwalo MAOI. Aliyezitumia ndani ya siku 14 zilizopita haruhusiwi kuigusa.

Kila nilipokwenda kliniki, muuguzi hakuanza na mizani. Alinikalisha, mgongo umeegemea kiti, nyayo zimegusa sakafu, akaniacha nitulie bila kuongea, ndipo akanifunga kipimo mkononi. Namba ikitoka kubwa alisubiri kidogo na kurudia. Kilo zilikuja mwisho, na hata hapo daktari alikuwa na maswali yake kabla ya kuzitazama. Unalala vizuri? Moyo unadunda hata ukiwa umekaa? Hasira za karibu zimeongezeka? Hili la hasira nadhani lilitakiwa kuulizwa watu wa nyumbani kwangu, si mimi. Kliniki inayokupima uzito tu na kukujazia chupa, kwa maoni yangu, inauza vidonge; haikutibu.

Sasa kuhusu njaa yenyewe, maana hapa ndipo ushauri mwingi unaosambaa unapopotosha. Dawa ikikukubali, saa ya kula inapita hujashtuka. Mawazo ya chakula yaliyokuwa yakikusumbua mchana kutwa yanakaa kimya, na ni raha ambayo siwezi kuificha. Kishawishi kinachofuata ni kutokula kabisa, ukijiambia kwamba ndiyo kupungua kwenyewe. Daktari wangu alilizuia hilo mapema: nile kwa saa, si kwa njaa. Mwili usiopata chakula cha kutosha hula misuli yake pamoja na mafuta, na kupungua kwa kasi mno huongeza uwezekano wa kupata mawe kwenye kifuko cha nyongo. Nikawa naanza na protini kwenye sahani, wanga baadaye, kwa sababu nilijua nitashiba kabla ya kumaliza na sikutaka nafasi ndogo niliyo nayo iliwe na wanga. Mazoezi ya kunyanyua vitu vizito nayo yaliingia kwenye ratiba kama dozi nyingine.

Jambo ambalo kijikaratasi cha dawa hakikuniambia ni jioni. Kwangu nguvu ya kidonge ilikuwa ikilegea jua linapozama, na siku niliyoruka chakula cha mchana, usiku nililipa na riba. Siku niliyokula mchana kwa saa yake nilifika usiku na njaa ya kawaida, ya binadamu. Usijaribu kuziba pengo hilo kwa kidonge cha pili. Utakesha ukihesabu mapigo ya moyo. Mwambie daktari, yeye ndiye wa kupanga upya dozi au saa ya kumeza.

Kuna suala la muda. Kibali cha fentemini ni cha matumizi ya muda mfupi, na mazoea ni kutozidi wiki 12, ingawa wapo madaktari wanaoendelea zaidi kwa mgonjwa wanayemfuatilia kwa karibu. Mwishoni mwa wiki hizo hesabu ni nyepesi: umepungua angalau asilimia 5 ya uzito ulioanza nao? Kwa mtu wa kilo 90 hizo ni kilo 4 na nusu. Zinaonekana chache, lakini kiasi hicho tayari huanza kushusha presha na sukari. Usipozifikia, kwa kawaida dawa haikufai, na kuing'ang'ania ni kubeba maudhi bila faida.

Kama unaona usimamizi wote huu ni urasimu, tazama historia. Mwaka 1997 fenfluramini, dawa nyingine ya kukata hamu ya kula iliyokuwa ikiandikwa sana pamoja na fentemini, iliondolewa sokoni baada ya watumiaji kukutwa na matatizo ya vali za moyo. Mwaka 2010 ikafuata sibutramini, kwa hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwaka 2020 ikawa lokaserini, kwa wasiwasi wa saratani. Zote zilikuwa zimepata kibali. Na sibutramini haijatoweka: wadhibiti wa dawa wameikuta mara nyingi imechanganywa kimyakimya kwenye bidhaa za kupunguza unene zinazouzwa kwa jina la "asilia". Mtu anayekimbia kidonge cha daktari kwa kuogopa kemikali anaweza kuimeza ileile iliyopigwa marufuku, bila dozi kujulikana na bila mtu wa kumpima presha.

Sindano za siku hizi, kama semaglutidi iliyoruhusiwa Marekani kwa ajili ya uzito mwaka 2021, hufanya kazi kwa njia nyingine, kwa kuiga homoni ya utumbo. Huanzwa na miligramu 0.25 kwa wiki na kupandishwa taratibu, kwa sababu ukiiharakisha kichefuchefu kitakulaza. Haifai kwa mwenye historia ya saratani ya tezi ya shingo ya aina iitwayo medula, yake au ya familia. Zina nguvu kuliko kidonge changu, sina ubishi. Lakini katika utafiti mmoja mkubwa, walioiacha walirudisha takribani theluthi mbili ya uzito walioupoteza ndani ya mwaka.

Hivyo swali la kuuliza siku ya kwanza kabisa, kabla hujapokea karatasi ya dawa, ni hili: tutaiacha vipi, na baada ya hapo nitakuja kupimwa kila baada ya muda gani? Daktari aliyejipanga ana jibu. Na ukienda, tia kwenye mfuko dawa zote unazotumia uende nazo, hata za mafua. Baadhi ya zile za kuzibua pua nazo hupandisha presha.