Jibu: Nimepungua kilo 28, mama analia
Pole sana dada. Unauliza umjibu nini mama anayelia, na majirani wa Kirumba wanaonong'ona kwamba umekanyaga waya, yaani una Ukimwi. Yalinikuta. Nilitoka kilo 112 hadi 79 kwa kupanda kilima cha Capri Point, Mwanza, kila alfajiri na kupunguza ugali, sato sikuacha. Shangazi alipokuja kutoka Sengerema alinishika kifundo cha mkono, akakizungushia vidole viwili, vikakutana. Akaingia jikoni kulia. Sikubishana naye. Kesho yake nilimwamsha saa 11, tukapanda wote, akipumzika kila kwenye jiwe, hadi tukaliona ziwa. Siku hizi yeye ndiye anayewanyamazisha watu. Majirani waache. Kaa na mama, mpikie, ale akikuona unakula. Anaogopa kukuzika, dada.